Tezi Mlinzi: Historia ya Biopsi ya Tezi za Limfu katika Kubaini Hatua za Saratani

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno mtoki. Mtu akichomwa na mwiba mguuni, na kidonda kikachelewa kupona, huota uvimbe kinenani wenye maumivu. Wazee hawakumtibu kinena. Walimuuliza kidonda kiko wapi. Katika neno hilo moja mna maarifa matatu ya maumbile: kwamba kinachoingia mguuni husafiri, kwamba njia yake hutabirika, na kwamba kipo kituo ambapo husimama kabla ya kuendelea mbele. Sayansi ya tiba iliyafikia maarifa hayo kwa njia yake yenyewe, tena kwa kuchelewa. La tatu, yaani habari ya kituo cha kwanza, halikukubaliwa na wapasuaji wengi hadi muongo wa mwisho wa karne ya 20.

Insha hii inafuatilia historia hiyo kwa upande wa saratani, hasa saratani ya titi na melanoma ya ngozi, ambazo ndizo zilizozaa mbinu inayojadiliwa. Swali lililowasumbua madaktari linaweza kuelezwa kwa ufupi. Seli za saratani zikitoka kwenye uvimbe wa awali, mara nyingi hupita katika mishipa ya limfu na kukwama kwenye tezi zilizo jirani. Mgonjwa ambaye tezi zake ni safi ana matarajio tofauti, na pengine matibabu tofauti, na yule ambaye tezi zake zimeingiliwa. Je, daktari atajuaje hali ya tezi hizo bila kumdhuru mgonjwa kuliko inavyolazimu? Kidole hakitoshi. Tezi yenye saratani inaweza kuwa ndogo na laini isihisiwe, na tezi iliyovimba inaweza kuwa na kifua kikuu au maambukizi ya kawaida tu.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mabadiliko makubwa katika historia hii yalihusu kazi ya tezi katika fikra za madaktari zaidi ya zana zao. Kwa takribani karne moja tezi ilikuwa ngome ya adui iliyopaswa kubomolewa. Baadaye ikawa shahidi wa kuhojiwa. Kila jibu sahihi zaidi ambalo shahidi huyo alitoa liliibua swali jingine, nalo ni iwapo jibu hilo lina faida kwa mgonjwa mwenyewe.

Istilahi chache zitumikazo zafaa kuelezwa mapema. Biopsi ni kuchukua tishu ya mwili ili ichunguzwe kwa hadubini. Kubaini hatua ni kupima saratani imeenea kiasi gani wakati inapogunduliwa. Tezi mlinzi ni tezi ya kwanza kupokea limfu moja kwa moja kutoka mahali penye uvimbe. Inaweza kuwa moja, mbili au zaidi kidogo.

2.0 Chujio na kisu

Tarehe 23 Julai 1622, mjini Milan, daktari Gaspare Aselli alimpasua tumbo mbwa aliyekuwa ametoka kulishwa, naye akaona nyuzi nyeupe zilizotapakaa kwenye utando wa utumbo. Mwanzoni alizidhania kuwa neva. Alipozikata zikatoa maji meupe kama maziwa. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1627, yeye akiwa amekwisha kufariki. Baada ya miongo mitatu hivi, Olof Rudbeck wa Sweden na Thomas Bartholin wa Denmark walionyesha kuwa mishipa ya namna hiyo haiko tumboni tu, bali imeenea mwilini. Milan itarejewa mara mbili zaidi katika insha hii, ingawa kwa sadfa tu.

Katika karne ya 19 Rudolf Virchow wa Ujerumani aliipa tezi ya limfu maana iliyodumu. Kwake tezi ilikuwa chujio: seli za saratani zinapofika hapo huzuiwa, na tezi ikielemewa ndipo huzipitisha kwenda mbele. Mtu akilikubali wazo hilo, hitimisho lake haliepukiki. Ikiwa saratani husonga kwa mpangilio, kutoka uvimbeni hadi kwenye tezi na kutoka kwenye tezi hadi mwilini, basi mpasuaji akiwahi kuondoa uvimbe pamoja na chujio zake zote, ugonjwa utakuwa umekatiwa njia.

Hitimisho hilo lilipata mtekelezaji wake mkuu katika William Stewart Halsted wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Mwaka 1894 alichapisha matokeo ya wanawake 50 aliowafanyia upasuaji mpana: titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapa, vyote vikatolewa kwa pamoja kama kipande kimoja. Kurudi kwa saratani kifuani kulikuwa kudogo sana kulinganisha na matokeo ya wapasuaji wa Ulaya wa wakati huo. Ni haki kukumbuka kwamba wagonjwa wake wengi walifika wakiwa na uvimbe mkubwa, wakati ambapo mionzi ya tiba haikuwapo wala dawa za kemikali. Halsted hakuwa mkatili. Alifuata nadharia yake mpaka mwisho, na nadharia hiyo ilimwamuru kukata.

Miaka miwili kabla yake, mjini London, Herbert Snow alikuwa ametoa ushauri wa aina hiyo kuhusu melanoma: tezi zitolewe mapema, hata kabla ya kuonekana kuvimba. Kwa njia hiyo desturi moja ilienea katika saratani mbili. Ilidumu, kwa titi, takribani miaka 80.

Gharama yake ilikuwa mkononi. Kwapani mna tezi ishirini au zaidi ambazo hupitisha limfu ya mkono mzima, na zikiondolewa maji hukosa njia ya kurudi. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapa, kwani anayajua matende. Matende huletwa na minyoo ya filaria inayoharibu mishipa ya limfu. Uvimbe wa mkono baada ya upasuaji wa kwapa huletwa na kisu. Lakini katika hali zote mbili tatizo ni maji yaliyozuiwa njia, na katika zote mbili tiba kamili haipatikani. Mwanamke aliyepona saratani anaweza kuishi miaka thelathini na mkono mzito usioinua ndoo wala kubeba mtoto. Kama tezi zake zilikuwa na saratani, angeweza kusema alilipa bei ya uhai. Kama zilikuwa safi, alilipia nini?

3.0 Herufi tatu

Wakati wapasuaji wakikata, wengine walikuwa wakihesabu. Mwaka 1932 Cuthbert Dukes, mwanapatholojia wa Hospitali ya St Mark's mjini London, aliigawa saratani ya puru katika makundi matatu: A, isiyovuka ukuta wa utumbo, B, iliyovuka, na C, iliyofika kwenye tezi. Kundi la tatu liliamuliwa na tezi peke yake. Kisha, kati ya mwaka 1943 na 1952, Mfaransa Pierre Denoix alibuni utaratibu wa herufi T, N na M: ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi, na kuenea kwa saratani sehemu za mbali. Muungano wa kimataifa wa kupambana na saratani uliuchukua, na hadi leo ndio lugha ya pamoja ya madaktari wa saratani duniani.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba herufi ya katikati ilimpa mpasuaji sababu ya pili ya kukata. Hata aliyeanza kutilia shaka kama kuondoa tezi huponya, aliendelea kuziondoa ili azihesabu. Tezi ngapi zina saratani? Hakuna, tatu, kumi? Jibu liliamua ubashiri, na baada ya dawa za kemikali kuanza kutumika katika miaka ya 1970 liliamua pia nani apewe dawa hizo. Kwa hiyo upasuaji wa kwapa ulibaki mahali pake huku sababu yake ikibadilika chini kwa chini kutoka tiba kwenda upelelezi.

4.0 Shaka ya Pittsburgh

Aliyeivunja nadharia ya chujio ni Bernard Fisher wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Majaribio yake ya wanyama yalimfanya aamini kuwa tezi haizuii seli za saratani kama ilivyodhaniwa, na kwamba damu na limfu ni njia zinazoungana. Ikiwa ni hivyo, tezi iliyoingiliwa ni ishara kwamba ugonjwa umekwisha kupata uwezo wa kusafiri. Kuing'oa ishara hakuondoi kinachoashiriwa.

Mwaka 1971 alianzisha jaribio lililojulikana kama B-04. Wanawake 1,079 ambao tezi zao za kwapa hazikuhisiwa kuvimba waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: upasuaji mpana wa Halsted, kuondolewa titi na kupigwa mionzi, au kuondolewa titi peke yake, tezi zikiachwa na kutolewa baadaye endapo tu ugonjwa ungejitokeza. Yahitaji kufikiriwa ujasiri uliokuwamo katika kundi hilo la tatu. Kwa mujibu wa mafundisho ya wakati huo, wanawake hao walikuwa wakiachiwa saratani mwilini kwa makusudi.

Matokeo ya miaka 25 yalichapishwa mwaka 2002, nayo hayakuonyesha tofauti ya maana ya kuishi kati ya makundi hayo. Ndani yake mlikuwa na fumbo. Katika kundi lililofanyiwa upasuaji mpana, takribani asilimia 40 ya wanawake walikutwa na saratani kwenye tezi, ingawa vidole vya madaktari vilikuwa vimewatangaza kuwa salama. Kwa kuwa mgawanyo ulikuwa wa bahati nasibu, kundi la titi peke yake nalo lilipaswa kuwa na kiasi hichohicho. Hata hivyo, chini ya asilimia 19 ndio waliokuja kuhitaji kutolewa tezi baadaye.

Namba hizo zinasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni udhaifu wa kidole: wanne katika kila kumi waliotangazwa salama hawakuwa salama. La pili ni kwamba saratani iliyoko kwenye tezi haifuati sikuzote njia iliyochorwa na Virchow. Mwandishi wa insha hii anaona kuwa wapasuaji wengi walisikia jambo la kwanza kuliko la pili, na kwamba historia yote iliyofuata ni ya jambo la pili kudai kusikilizwa.

5.0 Kituo cha kwanza

Wazo kwamba tezi moja inaweza kuzungumza kwa niaba ya nyingine halikuzaliwa mara moja. Mwaka 1960 Ernest Gould na wenzake wa Washington walieleza tezi katika shingo waliyoichunguza wakati wa upasuaji wa saratani ya tezi ya mate iliyo karibu na sikio. Wakiikuta safi, hawakuendelea kupasua shingo. Wao ndio walioiita mlinzi. Mwaka 1977 Ramon Cabanas, daktari wa Paraguay, alitumia picha za mishipa ya limfu kwa wagonjwa wa saratani ya uume na kubaini tezi ya kinenani ambayo saratani huanzia. Kazi yake ilikuwa na kasoro moja iliyoizuia kuenea: ilichukulia kwamba tezi hiyo huwa mahali palepale kwa kila mtu. Wagonjwa wengine waliokutwa na tezi safi mahali hapo baadaye walirudi na saratani kinenani.

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika melanoma, na sababu yake inaeleweka. Saratani ya titi kwa kawaida hupeleka limfu kwapani. Melanoma inaweza kuota popote kwenye ngozi, na iliyoko katikati ya mgongo inaweza kupeleka limfu kwapa la kulia, la kushoto, kinenani, au pande mbili kwa pamoja. Vitabu vya anatomia, vikifuata kazi ya Mfaransa Sappey ya karne ya 19, vilichora mistari ya mipaka mwilini kama serikali za kikoloni zilivyochora mipaka ya nchi. Miili haikuitii. Donald Morton na wenzake huko California waligundua hivyo katika miaka ya 1970 walipodunga chembe zenye mnururisho karibu na melanoma na kufuatilia zilikokwenda. Walikuwa wakitafuta kujua kwapa lipi lipasuliwe. Swali lililozaliwa humo lilikuwa dogo zaidi na zito zaidi: ndani ya kwapa hilo, ni tezi ipi hasa?

Walijaribu kwanza kwa paka, wakitumia rangi ya buluu, kisha kwa binadamu. Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleza. Rangi hudungwa kwenye ngozi kuzunguka mahali pa melanoma. Baada ya dakika chache mpasuaji hupasua kidogo juu ya tezi zinazodhaniwa kuhusika, akatafuta mshipa mwembamba uliogeuka buluu, akaufuata taratibu bila kuukata mpaka kwenye tezi iliyotiwa rangi. Hiyo ndiyo mlinzi. Mahali pake hapaamuliwi na kitabu. Mwili wa mgonjwa huyo ndio huonyesha.

Mwaka 1992 walichapisha matokeo ya wagonjwa 223. Tezi mlinzi ilipatikana katika sehemu 194 kati ya 237 walizozichunguza. Kwa ajili ya kuthibitisha, tezi nyingine zote za sehemu hizo ziliondolewa pia na kuchunguzwa. Kati ya tezi 3,079 zisizo za mlinzi, ni mbili tu zilizokutwa na saratani ilhali mlinzi wa sehemu hiyo ni safi. Katika historia ya upasuaji ni nadra kukutana na namba inayozungumza kwa uwazi kama huo.

Hapa pana jambo ambalo hueleweka vibaya, nalo ndilo kiini cha neno usahihi. Mtu anaweza kudhani kwamba kuchunguza tezi moja ni kufanya kazi pungufu kwa sababu ya huruma, na kwamba anayetaka uhakika hana budi kuchunguza zote. Kinyume chake ndicho kweli. Mwanapatholojia akiletewa tezi ishirini hukata kipande kimoja au viwili vya kila moja, kwani muda haumruhusu zaidi. Kidonge cha saratani cha milimita moja kinaweza kukaa katika sehemu ambayo wembe haukupita. Akiletewa tezi moja, na akaambiwa kwamba ikiwa saratani ipo itaanzia humu, huikata vipande vyembamba vingi na kuvitia rangi maalumu zinazotambua seli za saratani moja moja. Hakimu mwenye shahidi mmoja aliyekuwapo humhoji kwa kina kuliko mwenye mashahidi ishirini waliosikia kwa wengine.

6.0 Kwapani

Kutoka melanoma hadi titi haikuchukua muda. Mwaka 1993 David Krag na wenzake walichapisha matokeo ya wanawake 22 waliodungwa teknetiamu-99m, elementi ambayo mnururisho wake hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6. Badala ya kutafuta rangi kwa macho, mpasuaji alipitisha kifaa cha mkono juu ya kwapa na kusikiliza sauti yake ikiongezeka. Tezi ilipatikana kwa wanawake 18, na wote saba waliokuwa na saratani kwenye tezi walitambuliwa na mlinzi. Mwaka uliofuata Armando Giuliano, aliyefanya kazi na Morton, alichapisha matokeo yake kwa rangi ya buluu. Katika upasuaji 174 aliipata tezi mara 114 tu, takribani asilimia 66, na mara 109 kati ya hizo ilisema kweli kuhusu kwapa zima. Namba ya kwanza ni ya unyenyekevu, na inastahili sifa kwa kuchapishwa jinsi ilivyo: mbinu hii ina mkono wake, na mkono hujifunza.

Mjini Milan, Umberto Veronesi aliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 516 wenye uvimbe usiozidi sentimita 2: nusu walitolewa tezi zote za kwapa, na nusu walitolewa tezi zote iwapo tu mlinzi alikutwa na saratani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, na makundi yote mawili yalikutwa na saratani kwenye tezi kwa kiwango kinachokaribiana, theluthi moja hivi. Jaribio kubwa la Marekani, B-32, lenye wanawake 5,611, lilithibitisha mwaka 2010 kwamba mwenye mlinzi safi anaishi sawa iwe tezi nyingine zimetolewa au zimeachwa. Nchini Uingereza jaribio la ALMANAC lilikuwa limeonyesha mwaka 2006 kuwa, baada ya mwaka mmoja, uvimbe wa mkono uliripotiwa na asilimia 5 ya waliofanyiwa biopsi ya mlinzi, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata matibabu ya kawaida.

Isifichwe kwamba katika B-32 mlinzi alisema uongo kwa wanawake takribani mmoja katika kila kumi wenye tezi zilizoingiliwa: alionekana safi ilhali tezi nyingine ilikuwa na saratani. Kosa la ukubwa huo katika kipimo chochote kingine lingeleta ghadhabu. Hapa halikuleta vifo zaidi, na kwa nini halikuleta ni swali linalorudisha kumbukumbu ya fumbo la Pittsburgh.

7.0 Darasa lililopanda wastani

Ni vema kusimama kidogo kwa mtu ambaye hakuwa mpasuaji. Mwaka 1985 Alvan Feinstein wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walilinganisha wagonjwa wa saratani ya mapafu waliotibiwa kati ya 1953 na 1964 na wale wa mwaka 1977, katika hospitali zilezile. Wa baadaye walionekana kuishi zaidi katika kila hatua ya ugonjwa. Habari njema, kwa sura yake. Lakini Feinstein alionyesha kuwa sehemu kubwa ya maendeleo hayo ilitokana na picha mpya za uchunguzi, zilizofichua saratani iliyoenea kimyakimya na kuwahamisha wagonjwa kutoka hatua ya chini kwenda ya juu. Aliliita jambo hilo kwa jina la mchekeshaji Will Rogers, anayesemekana kutania kwamba wakulima wa Oklahoma walipohamia California, wastani wa akili ulipanda katika majimbo yote mawili.

Mwalimu yeyote anaweza kulithibitisha ubaoni. Darasa la kwanza lina wanafunzi wenye alama 90, 80 na 60. Wastani ni takribani 77. La pili lina 50, 40 na 30. Wastani ni 40. Mwenye 60 akihamishiwa darasa la pili, wastani wa la kwanza unakuwa 85 na wa la pili 45. Madarasa yote yamepanda, na hakuna mtoto aliyejifunza neno jipya.

Biopsi ya tezi mlinzi ni mashine ya kuhamisha wanafunzi wa namna hiyo. Mgonjwa ambaye tezi zake ishirini zilizokatwa kijuujuu zingeonekana safi, leo anakutwa na kidonge cha milimita moja na kuandikwa hatua ya juu. Ugonjwa wake ni uleule. Watungaji wa mwongozo wa hatua waliitambua hatari hiyo, na katika toleo la mwaka 2002 waliweka mipaka: mkusanyiko wa seli usiozidi milimita 0.2 uhesabiwe kama tezi safi, na ule wa kati ya milimita 0.2 na 2 upewe jina lake mbalimbali. Walichokuwa wakikiri, kwa lugha ya vipimo, ni kwamba hadubini imeanza kuona zaidi ya kile ambacho tiba inakijua.

8.0 Jibu na matumizi yake

Ikiwa mlinzi ni safi, tezi nyingine ziachwe. Hilo lilikwisha amuliwa. Lililobaki ni mlinzi mwenye saratani. Kwa mujibu wa mantiki yote iliyotangulia, huyo ndiye aliyestahili kutolewa tezi zote.

Jaribio la Z0011, lililoongozwa na Giuliano, lilithubutu kuuliza kama ni lazima. Liliwachukua wanawake wenye mlinzi mmoja au wawili wenye saratani, ambao titi lilihifadhiwa na kupigwa mionzi, na nusu yao wakaachiwa tezi zilizobaki. Lilitarajia wanawake 1,900 likafungwa mapema mwaka 2004 likiwa na 891, jambo ambalo wakosoaji hawakulisahau. Katika kundi lililopasuliwa, asilimia 27 walikutwa na tezi nyingine zenye saratani. Kundi la pili bila shaka lilikuwa na kiasi kama hicho, kikaachwa mwilini. Hata hivyo, saratani kurudi kwapani ilitokea kwa chini ya asilimia 1 katika taarifa ya mwaka 2011. Baada ya miaka 10, walioachiwa tezi walikuwa hai kwa asilimia 86.3, na waliotolewa kwa asilimia 83.6.

Melanoma ilifuata njia hiyohiyo. Katika jaribio la kwanza la Morton, miongoni mwa wenye melanoma ya unene wa kati, waliokutwa na mlinzi safi walinusurika kifo cha melanoma kwa miaka 10 kwa asilimia 85.1, na wenye mlinzi aliyeingiliwa kwa asilimia 62.1, kama kipimo cha ubashiri hakina mpinzani. Lakini jaribio la pili, lenye wagonjwa 1,934 na lililochapishwa mwaka 2017, lilionyesha kuwa kutoa tezi zilizobaki baada ya mlinzi kukutwa na saratani hakukuongeza uhai unaohusiana na melanoma. Asilimia 86 kwa miaka mitatu katika makundi yote mawili. Uvimbe wa limfu ulikuwa asilimia 24.1 dhidi ya 6.3. Morton hakuyaona matokeo hayo. Alifariki mwaka 2014.

Na Milan tena. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la SOUND, lililoongozwa kutoka mji huo, kwa wanawake 1,405 wenye uvimbe mdogo wa titi na kwapa lililoonekana safi kwa ultrasaundi. Nusu walifanyiwa biopsi ya mlinzi na nusu hawakuguswa kwapani kabisa. Baada ya miaka mitano, walioishi bila saratani kuenea mbali walikuwa asilimia 97.7 na 98.0. Kwa wanawake wa aina hiyo, shahidi mwenyewe anaweza kuachwa bila kuitwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuyapokea matokeo haya kwa uangalifu, kwa sababu mbili. Kwanza, tezi mlinzi hutafutwa kwa mgonjwa ambaye tezi zake hazijahisiwa kuvimba, ilhali wagonjwa wetu wengi wa saratani ya titi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeendelea sana na kwapa limekwisha kujaa. Kwao biopsi inayofaa ni ya sindano kwenye tezi inayoonekana, nayo ni ya lazima, kwani katika nchi zenye kifua kikuu kingi uvimbe wa tezi hauwezi kusadikiwa kuwa saratani kwa kuguswa tu. Pili, wanawake wa Z0011 hawakuachiwa tezi zao hivihivi. Walihifadhiwa titi, wakapangiwa mionzi ya titi zima, na wengi wao wakapewa dawa. Mionzi hiyo yaelekea ilifika pia kwenye sehemu ya chini ya kwapa. Huku kwetu mashine za mionzi ziko katika hospitali chache za miji mikubwa, na mwanamke anayetoka mbali anaweza kutolewa titi lote kwa sababu hana pa kulala kwa wiki nyingi za matibabu mjini. Mpasuaji wa hospitali ya mkoa anayesoma asilimia 86.3 na kuamua kuacha tezi zenye saratani kwa mgonjwa asiyetarajia kuiona mashine hiyo, atakuwa ameazima nusu ya jaribio.

Rangi ya buluu si ghali, na kuifuata kunafundishika. Kinachopungua zaidi ni mwanapatholojia wa kuikata tezi vipande vyembamba na kutoa jibu kabla mgonjwa hajachoka kusubiri na kurudi kijijini.